Bahasha ya Mkesha wa Krismasi

Krismasi ya mwaka 1993 ilinikuta Illinois, Marekani. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, na chuo kilipofunga mabweni kwa likizo, sisi wageni tusio na pa kwenda tuligawiwa kwa familia zilizojitolea kutupokea. Mimi niliangukia kwa mzee mmoja na mkewe katika kitongoji cha kaskazini mwa Chicago. Walikuwa na watoto wanne, bibi wawili, babu mmoja, na mbwa aliyefokewa na wote bila kumsikiliza yeyote.

Jioni ya tarehe 23, baada ya chakula, ukoo mzima ulishuka katika chumba kilichokuwa chini ya nyumba, mkanda wa video ukatiwa kwenye deki, taa zikazimwa. Sinema yenyewe ilikuwa National Lampoon's Christmas Vacation. Mimi sikuwa nimeiona wala kuisikia. Lakini kilichonishangaza mwanzoni hakikuwa sinema, walikuwa ni watazamaji wenzangu. Walicheka kabla ya kichekesho. Mtoto wa miaka kumi aliyekaa miguuni pangu alikuwa akiyatamka maneno ya waigizaji kabla wao hawajafungua vinywa, na bibi mmoja, ambaye mchana kutwa alikuwa hasikii unachomwambia, alijua hasa ni wakati gani paka atakufa. Nimekulia katika usharika wa Kilutheri, nikatambua upesi kwamba ninachokiona ni liturujia. Watu hawa hawakuwa wakitazama hadithi ili wajue mwisho wake, walikuwa wakiitikia.

Basi palifika mahali ambapo baba wa hadithi anapokea bahasha kutoka kazini. Chumba kizima kikaangua kicheko, na kicheko kile kilikuwa kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia. Mimi sikucheka. Nilipogeuka nikaona kwamba mwenyeji wangu, mzee mwenye nyumba, naye hakucheka. Asubuhi yake tulikuwa tukiondoa theluji mlangoni kwa makoleo, akaniambia bila kuulizwa kwamba mwaka ule alikuwa amepunguzwa kazini baada ya miaka mingi ya utumishi. "Pale kwenye bahasha," akasema, "siku hizi nashindwa." Nami nilikuwa na sababu yangu ya kushindwa, lakini sikuwa na Kiingereza cha kutosha kumweleza. Nimebaki na deni hilo kwa zaidi ya miaka thelathini, na makala haya ni namna ya kulilipa, ingawa najua hatayasoma.

Nianze na sinema yenyewe, kwa ajili ya msomaji ambaye hajaiona.

Ilitoka tarehe 1 Desemba 1989. Aliyeiandika ni John Hughes, mtu wa vitongoji vilevile vya Chicago nilikokuwa mgeni, ambaye alianza maisha kwa kuandika matangazo ya biashara, akahamia kwenye gazeti la vichekesho la National Lampoon, na baadaye akawa mmoja wa waandishi wa sinema waliofanikiwa sana katika miaka ya 1980. Hadithi ya kwanza kabisa ilikuwa fupi, ikaitwa "Christmas '59", na ilichapwa katika gazeti hilo mwezi Desemba 1980. Kabla yake alikuwa ameandika nyingine kuhusu safari ya familia kwa gari, "Vacation '58", iliyozaa sinema ya mwaka 1983. Kwa hiyo ile ya Krismasi ni ya tatu katika mfululizo wa familia moja, familia ya Griswold, ambayo kila inapojaribu kufurahi inaangukia balaa.

Mwongozaji alikuwa Jeremiah Chechik, mzaliwa wa Montreal, na hii ilikuwa sinema yake ya kwanza ndefu. Kazi hiyo kwanza ilikuwa imepewa Chris Columbus, akashindwa kuelewana na mchekeshaji mkuu, Chevy Chase, akajitoa. Hughes akamtuliza kwa kumpa andiko jingine la Krismasi. Hilo lilikuwa Home Alone, la mwaka 1990, lililompa utajiri na jina. Wakati mwingine kugombana na mtu kuna faida.

Hadithi ni hii. Clark Griswold ni mtaalamu katika kampuni ya vyakula. Kazi yake ni kutafuta kemikali za kufanya nafaka za kifungua kinywa zisilowe upesi zikitiwa maziwa. Ana mke, Ellen, na watoto wawili. Mwaka huu ameamua kwamba wazazi wake na wakwe zake wote watakuja kwake, na kwamba itakuwa Krismasi ya familia iliyo bora kupita zote. Wanakwenda porini kukata mti, wanaung'oa mkubwa mno, na wakiufungua sebuleni unavunja vioo vya madirisha. Anaipamba nyumba kwa nyuzi 250 za taa, kila uzi una taa 100, jumla taa 25,000 kutoka Italia. Anawatoa wazee wote nje kwenye baridi, anaunganisha waya, na hakuna hata taa moja inayowaka. Baadaye zinapowaka, mtaa mzima unakatika umeme.

Wakwe wanabishana na wazazi. Halafu anatokea Eddie, mume wa binamu yake Ellen, ambaye hakualikwa na mtu. Amekuja na mkewe, watoto wawili na mbwa mchafu, wote wakiwa ndani ya karavani bovu ambalo, kama tunavyokuja kufahamu, ndilo nyumba yao sasa. Eddie hana kazi tangu karibu miaka saba iliyopita, kwa sababu, mkewe anaeleza kwa upole kabisa, anangojea apewe cheo cha umeneja. Asubuhi anasimama barabarani akiwa na joho la kuogea na kumwaga choo cha karavani katika mtaro wa maji ya mvua. Kisha anakuja mjomba mzee mvuta sigara na shangazi mzee aliyezeeka akili, ambaye amemfunga paka wake kama zawadi. Akiombwa kusali kabla ya chakula, shangazi huyo anaghani kiapo cha utii kwa bendera ya Marekani, na mezani wote wanaitikia kwa heshima. Mwigizaji wake, Mae Questel, ndiye aliyekuwa sauti ya kikaragosi Betty Boop tangu miaka ya 1930, na hii ndiyo iliyokuwa sinema yake ya mwisho. Bata mzinga akikatwa anapasuka, ndani hamna kitu ila mvuke. Paka anatafuna waya wa taa na kuungua chini ya kiti. Mjomba anauchoma mti kwa sigara yake.

Sitasema kwamba yote hayo ni mazuri. Kuna majirani wawili, mume na mke wenye maringo, ambao kosa lao ni kupenda usafi na muziki wa kisasa, na sinema inawatesa toka mwanzo hadi mwisho bila huruma wala uchekeshaji wa maana. Kuna mambo ya msichana wa dukani ambayo nilipokuwa nimekaa kati ya bibi wawili niliona afadhali nitazame sakafu. Lakini chini ya makelele hayo yote kuna uzi mmoja ambao haukatiki, nao ni wa fedha.

Clark amelipa arubuni ya dola 7,500 kwa ajili ya bwawa la kuogelea, awafanyie watu wake mshangao. Hela hizo hana. Ameandika hundi akitegemea bonasi ya mwisho wa mwaka, ambayo kampuni humpa kila Krismasi, na bonasi haijafika. Kila kengele ya mlango inapolia yeye hushtuka. Hamwambii mkewe. Anazidi kutundika taa. Mtu asiyejua habari ya hundi ataona mbele yake mpumbavu mwenye furaha kupita kiasi. Anayeijua ataona mtu anayekimbia.

Mkesha wa Krismasi bahasha inafika. Anawakusanya wote, anawatangazia habari ya bwawa, anaifungua. Ndani mna cheti cha uanachama katika klabu ya kuletewa jemu, chupa moja kila mwezi, mwaka mzima.

Nimefundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na kila Desemba nimekuwa nikiirudia bahasha ile, kwanza kama mtoto wa mtu aliyewahi kuipokea, halafu kama mwalimu. Nikaanza kuona kwamba Hughes hakuibuni. Aliikuta.

Itazame Krismasi ya Kiingereza kama inavyojulikana katika hadithi. Mwaka 1843 Charles Dickens alichapisha A Christmas Carol. Watu hukumbuka mizimu, lakini mizimu ile imekuja kwa sababu ya mshahara: karani Bob Cratchit analipwa shilingi 15 kwa wiki, ana mtoto mgonjwa, na tajiri wake anaona hata siku moja ya mapumziko ni wizi. Mwaka 1946 Frank Capra alitoa It's a Wonderful Life. Humo mtu mwema anakaribia kujitupa mtoni usiku wa mkesha wa Krismasi kwa sababu dola 8,000 za ofisi zimepotea. Sinema hiyo haikufanya vizuri sana mwanzoni. Mwaka 1974 wenye haki walisahau kuifanyia upya usajili, vituo vya televisheni vikaanza kuionyesha bure, na hapo ndipo taifa zima lilipoipenda. Hughes na Chechik waliijua vema. Kipande chake kinaonekana kwenye televisheni ndani ya Christmas Vacation, na msaidizi wa mwongozaji alikuwa Frank Capra III, mjukuu wa yule yule Capra. Dola 8,000 katika moja, dola 7,500 katika nyingine. Najua dola ya mwaka 1946 si ya mwaka 1989. Hata hivyo kila nikiziweka tarakimu hizo pamoja huona kama mjukuu amerithishwa deni.

Lakini kuna jambo la zamani zaidi ya Dickens, nalo lilinichukua muda kulifahamu.

Sisi tuliozaliwa katika karne ya 20 tunadhani Krismasi tangu asili ni sikukuu ya nyumbani: baba, mama, watoto, mti na chakula. Siyo. Katika Uingereza ya kale, na baadaye katika miji ya Marekani, ilikuwa sikukuu ya barabarani. Mavuno yamekwisha ghalani, nyama imechinjwa, pombe imeiva, kazi za shamba zimepungua. Basi vibarua na watumishi walikwenda kwa makundi mpaka mlangoni kwa bwana, wakaimba, wakadai kulishwa na kunyweshwa kilicho bora. Wala haikuwa ombaomba. Kwa siku hizo chache ilikuwa haki yao, na bwana aliyefunga mlango alijua kwamba huenda akaamka na dirisha lisilo kioo. Mwanahistoria Stephen Nissenbaum ameyaeleza haya kwa kirefu katika kitabu chake The Battle for Christmas, cha mwaka 1996. Wapuritani wa Massachusetts waliichukia sikukuu hiyo, kwanza kwa kuwa hawakuiona tarehe yake katika Biblia, na pili kwa ulevi na ghasia zake. Mwaka 1659 waliipiga marufuku kwa sheria, faini shilingi tano, na sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1681.

Katika karne ya 19 ndipo watu wenye nafasi zao, hasa wa New York, walipoigeuza. Mwaka 1823 gazeti moja la mji wa Troy lilichapisha shairi juu ya Mtakatifu Nikolasi anayeshuka kwenye bomba la moshi usiku wa mkesha, shairi ambalo Clement Clarke Moore alikuja kujulikana kuwa mtunzi wake. Angalia mabadiliko yaliyomo. Bado kuna mgeni anayeingia nyumbani usiku, lakini haombi kitu wala hatishi mtu. Amekuja kutoa, na anaowapa ni watoto wa mwenye nyumba. Kibarua ameondolewa mlangoni na mtoto amewekwa mahali pake. Mwaka 1870 Krismasi ikawa sikukuu rasmi ya serikali ya Marekani. Mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Edison, alipamba mti nyumbani kwake New York kwa taa 80 za umeme. Mwaka 1923 Rais Calvin Coolidge aliwasha mti wa taifa mjini Washington, nao ulikuwa na taa 2,500. Clark Griswold, mtu wa kawaida mwenye mkopo, ametundika mara kumi ya za Rais. Sijui kama Hughes alipiga hesabu hiyo, lakini inanifurahisha.

Basi rudi kwenye sinema, kule mwishoni, baada ya bahasha.

Clark amepandwa na hasira. Mbele ya wote anamtukana bosi wake kwa pumzi moja ndefu, na anasema angetamani mtu huyo atolewe kitandani kwake aletwe hapa, amwambie usoni. Watu wazima wamezoea maneno ya namna hiyo, huyaacha yapite. Eddie hakuyaacha yapite. Anaondoka kimya na karavani lake. Baadaye Clark, akiwa amejikaza kurudisha utulivu, anakaa kuwasomea jamaa zake shairi lile lile la mwaka 1823, na anapofika pale ambapo msomaji wa shairi anachungulia dirishani aone mgeni gani amekuja, anachungulia, anamwona Eddie akimleta bosi, Frank Shirley, akiwa na pajama, amefungwa kwa mnyororo wa mbwa.

Nilipoiona mara ya kwanza niliona ni kichekesho tu. Niliporudia miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeshasoma historia niliyoitaja, nilisimamisha mkanda. Krismasi mpya, ya baba na kitabu na watoto, inakatizwa katikati ya ubeti na Krismasi ya kale. Asiye na kazi, yule aliyekuja bila kualikwa, amekwenda mlangoni kwa tajiri kama walivyokwenda babu zake, na kwa kuwa matajiri siku hizi hawafungui, amemchukua. Eddie peke yake katika nyumba ile ndiye aliyesikia kwamba Clark hakuwa akiomba jemu wala bwawa. Alikuwa akidai chake.

Mke wa bosi anawaita polisi, wanavunja madirisha, wanaingia na bunduki. Bosi anaulizwa kisa, anaeleza kwamba amefuta bonasi ili kupunguza gharama. Mkewe na mkuu wa polisi wote wanamtazama kwa chuki. Hapo hapo anatubu. Anarudisha bonasi, ya mwaka uliopita na nyongeza ya asilimia 20. Hapa ndipo ninapogombana na sinema. Dickens alihitaji mizimu minne na usiku kucha kumgeuza Scrooge. Hughes anatumia kama dakika moja. Capra alikuwa mkweli zaidi: katika sinema yake tajiri aliyezificha zile dola 8,000 hatubu wala haadhibiwi, fedha zinachangwa na majirani. Hughes aliandikia muongo uliotaka kuamini kwamba mabosi ni watu wema waliosahau kidogo. Yule mzee wa Illinois aliyeshika koleo la theluji angeweza kumwambia.

Pamoja na hayo kuna sehemu moja ambayo naisamehe sinema yote kwa ajili yake. Katikati ya mambo, Clark amepanda darini kuficha zawadi, mkwewe akafunga mlango bila kujua, jamaa wote wakaondoka kwenda madukani. Kuna baridi. Anafungua sanduku la nguo kuukuu, anajivika alichokipata, kilemba cha kike na glavu ndefu, na katika takataka hizo anakuta reli za sinema za nyumbani za utoto wake. Anazitia kwenye mashine, anakaa peke yake kwenye mwanga hafifu, analia huku akitabasamu. Wale anaowatazama, vijana na wazuri, ndio wazee wanaomsumbua huko chini. Humo hamna bata aliyepasuka wala mkwe mwenye kisirani. Picha za namna hiyo zilikuwa ghali, watu walipiga dakika chache tu zile nzuri, nyingine hakuna aliyezipiga. Yeye anazipima sikukuu zake zote kwa dakika zile. Halafu mkewe anarudi, anauvuta mlango wa dari kutoka chini, na Clark anaanguka.

Sinema iliingiza zaidi ya dola milioni 70 huko Marekani ilipotoka, na baada ya hapo, kama ile ya Capra, ilihamia kwenye video na televisheni. Hughes alifariki mwaka 2009. Wamarekani wengi huitazama kila Desemba mpaka leo.

Sasa deni langu.

Baba yangu alikuwa karani wa bohari katika shamba moja la mkonge mkoani Tanga. Sisi ni watu wa Marangu, na kila anayewafahamu Wachaga anajua kwamba Desemba haturuhusiwi kubaki tuliko. Mabasi hujaa, nauli hupanda, na mlimani kila kihamba hupata wenyewe. Mbuzi au ng'ombe huchinjwa, kidari hupelekwa kwa mkubwa wa ukoo, mbege hugawanywa katika vibuyu, na mambo yote yaliyoahirishwa tangu Januari, mipaka ya migomba, mahari, nani hakumzika nani, huletwa mezani kwa siku nne. Nimetazama akina Griswold wakibishana nikajiona niko nyumbani, ila sisi ni wengi zaidi.

Mwaka 1985 nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alikuwa amemwahidi babu kwamba mwaka ule nyumba itaezekwa upya, akalipa arubuni ya mabati 24 kwa mfanyabiashara wa Moshi. Wakati ule bati halikuwa kitu cha kununua kila unapotaka. Lilipopatikana ulilishika kwanza, ukatafuta hela baadaye. Hela yenyewe ingetoka kwenye bonasi ya sikukuu, ambayo uongozi wa shamba ulikuwa ukiitoa kila mwaka. Tarehe 20 Desemba makarani wote waliitwa. Baba alirudi jioni na bahasha kubwa ya kaki, akaiweka mezani, akaenda kuoga. Mama aliifungua. Mlikuwa na kalenda ya ukutani ya mwaka 1986.

Tulisafiri hivyo hivyo. Kutoka Korogwe hadi Same baba hakusema neno, na kalenda alikuwa ameiviringisha na kuishika magotini kama mtu aliyebeba mwanamwali wa taa. Tulipofika, babu alitusalimu, akatazama nyuma yetu kama vile lori lingefuata, akauliza, "Na mabati, mwanangu?"

"Yako njiani, Baba. Yanakuja kwa treni."

Mimi nilijua, mama alijua, na nadhani babu naye alijua, maana hakuuliza tena. Siku nne zile baba alikuwa mchangamfu kuliko nilivyowahi kumwona. Alichinja, aligawa, alicheza na watoto, aliimba ibadani kwa sauti ya juu mno. Nilimwonea haya. Usiku wa Krismasi, mbege ilipokuwa imekwisha kufanya kazi yake, baba mdogo, ambaye hakuwa na kazi ya kueleweka na ambaye kila mwaka alikopa nauli ya kwenda asikokwenda, alimvuta baba pembeni na kumwuliza ukweli. Baba akamwambia. Baba mdogo akasimama katikati ya watu, akatangaza kwamba kesho asubuhi anapanda basi la Tanga, na atamleta huyo meneja hapa, atoe maelezo mbele ya Mzee. Akataja na kamba atakayomfungia. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba alicheka pia, halafu akaingia ndani, na hakutoka kwa muda.

Asubuhi baba mdogo alikuwa amevaa viatu. Ilibidi mama amfuate hadi njiapanda amrudishe.

Mabati yalifika mwaka 1988, si yote. Babu aliyaona. Kalenda ilikuwa na picha ya mlima wa Ulaya wenye theluji, na bibi aliitundika juu ya meza ya chakula mahali pa heshima, akawa anawaambia wageni kwamba ule ni Kibo, ila wameupiga picha kutoka upande wa Kenya.